Ufunguo Shingoni mwa Chui

Nilirudi Likasi na diploma ya uchumi wa kilimo kutoka Amerika, na siogopi kusema kwamba hakuna mtu wa upande wetu wa mto Lufira aliyekuwa amefika hapo kabla yangu. Hakuna mjomba aliyenisukuma, hakuna kampuni iliyonilipia. Nilisoma Mulungwishi nikifua nguo za wamisionari na kubeba matofali wakati wa likizo. Nikashinda mtihani, nikapata nafasi, nikaenda. Niliporudi nilipewa kazi ya kufundisha sekondari mjini, na nyumba ya matofali yenye baraza ya saruji. Diploma niliitundika sebuleni, mahali ambapo mtu akiingia anaiona kabla ya kuniona mimi.

Kule Amerika nilikaa Kansas, nchi tambarare ambayo macho hayapati kilima cha kupumzikia. Nilipanga chumba kwa mjane mmoja ambaye babu yake alilima ngano mwishoni mwa karne ya kumi na tisa. Alikuwa akimenya viazi ananisimulia. Wakulima wa wakati ule walivuna vizuri na bado wakabaki maskini, kwa sababu njia ya reli ilikuwa moja, ghala la kununulia nafaka lilikuwa moja, na mwenye ghala ndiye aliyeamua kama ngano yako ni nzuri au mbaya. Basi wakaanza kukutana, makanisani, mashuleni, uwanjani kwenye mahema, pamoja na wake zao na vikapu vya chakula. Wakanunua pamoja, wakauza pamoja, wakadai serikali ijenge maghala ambamo mkulima angeweka mavuno yake asubiri bei ipande. Mwishowe wakaunda chama chao cha siasa, wakapeleka watu bungeni. Niliandika tasnifu yangu juu ya watu hao, na profesa aliisoma mbele ya darasa zima. Wazungu watupu, na mimi nimekaa safu ya mbele.

Nasema haya ili ijulikane kwamba nilipokwenda kijijini kiangazi kile, sikwenda kama mtu asiye na la kusema.

Kijiji chetu kiko ng'ambo ya Mulungwishi, ukielekea Lufira. Nyaya za umeme kutoka bwawa la Mwadingusha zinapita juu ya mashamba yetu kwenda kwenye mitambo ya kampuni ya shaba, na sisi chini yake tunapika kwa kuni. Mama yangu alikuwa akilima mahindi pale tangu kabla sijazaliwa. Nilimkuta kando ya kihenge, miguu ameinyoosha, anapukuchua.

"Mwana wangu," akasema kabla sijakaa, "mwaka huu kama lile debe linashinda tena, minye jembe naweka chini. Nitakuja kwako Likasi, nikae mu kiti kama mama wa patron."

Alicheka kwa kuniita patron, yaani bosi, lakini nilimjua. Mama hakuupenda mji. Aliwahi kukaa kwangu kidogo, akalalamika kwamba moshi wa kampuni unaunguza hata majani ya muhogo, na kwamba mikono yake inaamka asubuhi haina kazi. Kuacha shamba lile hakukuwa kupumzika kwake. Aliniambia jambo kubwa kwa namna ya mzaha, kama wanavyofanya mama zetu.

Debe lenyewe lilikuwa hivi. Kwa miaka mingi mnunuzi wetu alikuwa Mgiriki mmoja wa mjini. Serikali ilikuwa imemkabidhi eneo letu lote, hata mtu mwingine hakuruhusiwa kununua hapo. Alipima kwa debe lililogongwa nyundo kutoka ndani mpaka likatoa tumbo. Mtumishi wake alilitikisa, akalishindilia kwa goti, kisha akarundika juu kilima. Mwaka mmoja Rais akatangaza kwamba mali za wageni zirudi kwa wananchi. Mgiriki akaondoka, na malori yake, duka lake na ruhusa yake vikapewa mtoto wa kijiji chetu hasa, mtu niliyeanza naye darasa la kwanza. Yeye aliishia la sita, lakini wakubwa walimjua. Watu walicheza ngoma kwa furaha. Msimu ulipofika wakamwona akishusha kutoka kwenye lori debe lile lile, na tumbo lake lile lile.

"Shiye tulifikiri debe nalo lilirudi Ugiriki," mama akasema.

Jumapili ile, baada ya ibada, niliomba watu wabaki kanisani. Nikawaeleza habari za Kansas tangu mwanzo. Nilizungumza vizuri, mpaka leo kuna wanaonikumbusha hotuba ile. Niliwaeleza pia mwisho wake, maana mtu aliyesoma hafichi kitu: kwamba chama cha wakulima kilikubali kusimama pamoja na chama kimoja kikubwa katika uchaguzi, na chama kile kikubwa kikakimeza.

"Kiliwameza kabisa?" akauliza mzee mmoja, mstaafu wa kampuni, ambaye kila Jumapili alivaa koti lake la kazini.

"Kabisa, papa."

"Basi shiye hatuna woga. Shiye tulizaliwa tumboni tayari."

Kanisa likaangua kicheko, kisha kila mtu akageuka kutazama mlango. Wakati ule kila raia, hata mtoto mchanga, alihesabiwa kuwa mwanachama wa Chama, na si kila kicheko kilikuwa salama.

Tulipatana. Hakuna atakayeuza kwa debe. Mahindi yote yatawekwa mahali pamoja, katika stoo ya matofali waliyoiacha wamisionari, na mnunuzi ataambiwa alete mizani. Akikataa, mimi, mwalimu wa mjini, nitakwenda kuzungumza na stoo ya chakula ya kampuni huko Likasi, ambako wafanyakazi hupewa unga na ambako kila mzigo unapimwa kwa mizani ya chuma inayobeba hata lori. Haraka ilitakiwa, kwa sababu bati la stoo lilikuwa la zamani na mvua ilikuwa karibu.

Likabaki suala la nani atashika ufunguo. Nilipendekeza kamati, na kufuli zaidi ya moja, kila mjumbe na ufunguo wake, kama wafanyavyo watu waliostaarabika.

"Kamati ya nani?" mama akasema. "Ya ndugu? Ndugu yako atakuja analia, mutoto iko na njaa, nifungulie kidogo tu. Utamukatalia ndugu?"

"Ufunguo apewe chui!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma, na kanisa zima likapiga makofi.

Hapa sina budi kueleza. Kwetu, ukoo wa Mbuzi na ukoo wa Chui ni watani. Mbuzi humzika Chui, na Chui humzika Mbuzi. Kabla ya siku hiyo kufika tunatukanana tunavyotaka, tunanyang'anyana hata kuku, na mwenye kukasirika ndiye mwenye kosa. Wengi kijijini ni Mbuzi, mama yangu na mimi tukiwa humo. Ndugu unaweza kumlilia, mtani huwezi, atakucheka tu. Ndiyo maana kitu cha watu wengi huwekwa kwa mtani. Na Chui aliyeheshimiwa kuliko wote pale alikuwa kikongwe mmoja, jirani wa mama yangu, rafiki yake wa kwenda naye mtoni. Ndiye mama mzazi wa mnunuzi.

Alisimama akishika benchi. "Mbuzi mumenona," akasema. "Nitawachunga. Lakini nikisikia njaa, musikuje kuniuliza mifupa."

"Chui wa meno gani?" mama akamjibu. "Weye hata bukari unalowesha mu mchuzi!"

Kikongwe akaufunga ufunguo kwenye uzi wa msalaba wake, ukaning'inia shingoni. Nimekaa katika vyumba vya mihadhara vya ng'ambo, nimesoma mikataba ya vyama vya ushirika vya nchi nyingi, na ulinzi wa akili kama ule sijauona. Mtoto gani atavunja mlango ambao ufunguo wake uko kifuani mwa mama yake?

Mnunuzi alikuja na lori, amevaa suti ya Chama isiyo na tai, akamkuta mama yake ameketi kwenye ngazi ya stoo. Sisi tulisimama kando tukitazama.

"Mama, fungua."

"Nifungue nini? Mahindi ni yako?"

"Mama, bantu wananicheka."

"Waache wacheke. Leta mizani."

"Mizani nitoe wapi? Minye walinipa debe."

"Na akili, hawakukupa? Kuja kwanza ule, umekonda."

Akamwongoza nyumbani akamlisha, na yule bwana mwenye malori akala bukari, ugali wa kwetu, mbele ya macho yetu, magoti yamefika mashavuni, kwenye kigoda cha mama yake. Alipopanda lori tupu kuondoka, mama yangu alimfuata akipunga khanga. "Chui! Mukia wako umeusahau!" Naye akacheka. Lazima acheke. Nilifurahi siku ile kuliko siku niliyopewa diploma.

Nikaenda Likasi. Kwenye stoo ya kampuni waliniambia kwanza nipite ofisi ya Chama. Kule ofisa aliyenipokea aliniuliza muungano wetu ni muungano gani, kwa kuwa nje ya Chama hakuna muungano. Nilimjibu kwa Kifaransa kizuri ambacho yeye hakuwa nacho. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniita raia, kama tulivyoitwa sote wakati ule: "Sitoyen, andika hapo kwamba ninyi ni seli ya wakulima ya Chama." Nikaandika. Niliporudi kijijini nilikuwa na bendera ya Chama chini ya kwapa na barua yenye mhuri: lori la kampuni litakuja Alhamisi ya wiki ijayo, mahindi yapimwe mjini kwa kilo. Yule mstaafu aliitazama bendera, akanitazama mimi, akasema, "Karibu tumboni." Lakini alicheka, na wote tulicheka, kwa sababu tulikuwa tumeshinda. Mama alianza kuzungumzia mbegu za mwaka unaofuata.

Jumatatu ya wiki hiyo ya lori kikongwe alianguka njiani akitoka mtoni. Mama yangu alikuwa nyuma yake na ndoo yake mwenyewe kichwani. Alipomfikia, mwenzake alikuwa ameshakata roho.

Wanawake wa Mbuzi ndio waliomwosha, kama ipasavyo. Kwetu, vitu vilivyokuwa mwilini mwa marehemu hurudishwa nyumbani mwake, mwanawe anafunga mlango, na hakuna anayeingia wala kutoa kitu mpaka siku ya kuondoa kilio. Siku hiyo mwana ndiye anayeipanga. Anayetoa kitu kabla, watu hawamwiti mwizi. Wanasema ndiye aliyemuua. Mama yangu ndiye aliyevua ule uzi shingoni, akauweka ndani ya kikapu pamoja na kitambaa na kiko cha marehemu. Mnunuzi akafunga mlango akilia kwa sauti.

"Mama," nikamwambia pembeni, "ule ufunguo ungeufumbata tu mkononi. Nani angekuona?"

Alinitazama kama mtu asiyenijua. "Minye nilikuwa nimeshika kichwa chake," akasema.

Malori yaliyokuwa yabebe mahindi yetu kwa debe yalileta waombolezaji kutoka Likasi. Wanaume wa Mbuzi walichimba kaburi. Mmoja wao alilala njiani mbele ya jeneza, akafumba macho, akasema huyu chui hapiti mpaka atapike mbuzi wote aliowala. Mnunuzi alimpa pombe ili ainuke, huku anacheka na machozi yanamtiririka. Nilimtazama sana siku ile. Yalikuwa machozi ya kweli.

Alhamisi lori la kampuni likafika, kubwa, safi, na turubai mpya. Sikumbuki kuona lori zuri kama lile kijijini kwetu.

"Sitoyen, mahindi iko wapi?" akauliza dereva.

"Humo ndani."

"Fungua basi."

Nikamweleza. Alisikiliza akiwa ameweka kiwiko dirishani. "Ufunguo uko mu nyumba ile pale?" akauliza. "Na mwenye nyumba amekufa? Basi vunja kufuli ya stoo. Kufuli ni kitu gani?"

Nilikwenda kutafuta chuma. Nakiri nilikipata, nguzo ya uzio wa zamani wa misheni, na nilikuwa nimekwisha kukiingiza kwenye pingu ya kufuli mama aliponishika mkono. Nyuma yake walikuwa wamesimama watu wote niliowahutubia kanisani, na hakuna hata mmoja aliyesogea kunisaidia.

"Huu mlango wa stoo aliufunga marehemu kwa mukono wake," mama akasema. "Ukiuvunja leo, yeye bado hajapoa, kesho wataniuliza minye tulikwenda wote mtoni kufanya nini."

"Mama, lori litaondoka."

"Ninaliona."

"Kule Kansas," akasema yule mstaafu kwa upole, bila kunidhihaki, "hawakuwa na watani?"

Nilikichomoa chuma kwenye kufuli. Dereva aliomba maji akanywa, akageuza lori polepole asikanyage vitanda vya mboga, akaondoka. Mvua ya kwanza ilinyesha alasiri ile ile, nami nimesimama na barua yangu yenye mhuri mpaka wino ukaanza kusambaa.

Nilikwenda kwa mnunuzi. Alikuwa amekaa mkekani kati ya waombolezaji, ndevu zimemwota. Nilimwomba afungue nyumba dakika moja tu, au aipange siku ya kuondoa kilio karibu. Nilimwambia kwa Kifaransa, ili wengine wasisikie. Akanijibu kwa Kiswahili, na wote wakasikia.

"Kaka, weye ulisoma sana kutupita. Ni shule gani inafundisha kumuondolea mutu kilio cha mama yake?"

Mimi, ambaye nilimjibu profesa mbele ya wazungu, nilikaa mkekani pamoja na wengine. Mpaka leo sijui kama ile ilikuwa huzuni au biashara. Nadhani na yeye hajui. Alisema anangoja ndugu zake kutoka upande wa Zambia, nao njia ilikuwa mbaya, nao walikawia. Mvua ikaendelea. Ungeweka sikio kwenye mlango wa stoo ungesikia fukusi wakitafuna ndani, sauti ndogo, kama mtu anayesugua mikono. Wanawake walikuwa wakipita pale kwenda mtoni, wanatega sikio, wanaendelea na safari yao. Nami nilikuja kila mwisho wa wiki na pikipiki yangu, nikasikiliza, nikarudi mjini kufundisha.

Ndugu walifika. Kilio kikaondolewa, watu wakanyolewa, nyumba ikafunguliwa. Mnunuzi mwenyewe aliuchukua ufunguo kikapuni akampa mama yangu kwa mikono miwili, amepiga goti. Hakuna aliyekosa heshima siku ile. Tulipofungua stoo vumbi lilitoka kabla yetu. Pale bati lilipovuja mahindi yalikuwa yameota mizizi yakashikana kama jamvi. Yaliyobaki yalikuwa mepesi, matundu matupu. Stoo ya kampuni haipokei mahindi ya namna ile, na sikuhitaji kwenda kuuliza.

Mnunuzi alirudi kwenye lori, akashusha debe.

"Mbuzi," akasema, "chui amewaonea huruma. Atakula hata yaliyooza."

Ndipo wakacheka. Ndiyo sheria ya utani, na mwenye kukasirika ndiye mwenye kosa. Mama yangu alicheka, akapiga makofi, akamwambia chui wa siku hizi anakula kama kuku. Kisha akainama akashika mdomo wa gunia wazi, mtumishi akamimina, akatikisa, akashindilia kwa goti, akarundika. Kama angekuwa Mgiriki, wangelivunja lile debe, nina hakika. Mgiriki hazikwi na mtu wa kwetu. Nilisimama kando na viatu vyangu vizuri ndani ya matope, na hasira yangu haikuwa na mtu wa kumfikia.

Mama hakupanda mwaka ule. Alikuja kwangu Likasi kama alivyosema, na jembe lake aliliacha limelala kwenye paa la jiko. Nilimpa chumba chenye dirisha, kiti chenye mto, redio. Ni watoto wachache wa upande wetu walioweza kumpa mama yao nyumba kama ile, naye aliwaambia majirani hivyo hivyo. Sokoni tulinunua unga kwa meka, kikopo kidogo ambacho wauzaji wa mjini hukipiga chini kikaingia ndani ili kibebe kidogo. Mama alikuwa akikichukua mkononi mwa muuzaji kabla hakijajazwa, anaingiza ngumi, anasukuma chini kitoke. Walimzomea, wakamwita mama wa kijijini. Hakujali.

Jioni moja alikuwa barazani anachekecha unga ule. Aliniita. Hakuwa amenitajia habari ile tangu alipohama.

"Wale bantu wako wa Kansas," akasema. "Ufunguo wao walishika benyewe?"

"Walishika wenyewe, mama. Walikuwa na makatibu, wahazini, kila kitu."

"Na mama zao walikuwa wazima?"

"Sijui, mama. Nadhani."

"Na bado walishindwa."

"Walishindwa."

Akatikisa kichwa, akapiga ungo pembeni mara kadhaa ili pumba zisogee, akapuliza. Nilikaa karibu yake nikingoja aulize kwa nini, maana jambo hilo ndilo nililoliandikia, kurasa nyingi, na nikapewa sifa. Hakuuliza. Aliendelea kuchekecha mpaka unga ukaisha.